Corolla KE70 inazima ikipata joto: nihamishie pampu ya mafuta nyuma, au nibaki na ya kwenye injini?

#1 Kasa wa Tongoni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Watu wa Tanga na wageni wote karibuni.

Ninayo Corolla KE70 ya mjomba, injini 4K, kabureta, gia za mkono. Mjomba macho hayamruhusu tena kuendesha, gari kanikabidhi mimi kwa sharti moja: lisiuzwe. Kwa hiyo wale wa "uza ununue IST" nawaomba mapema mpite kimya kimya.

Shida iko hivi. Mjini linakwenda safi. Raskazone, Chumbageni, Mabawa, mpaka Pongwe, halina neno. Lakini nikitoka Muheza kuupanda mlima wa Amani, gia ya kwanza na ya pili, jua la saa nane, linaanza kukohoa, linakosa nguvu, mwisho linazima. Napiga stata, injini inazunguka tu. Nikikaa chini ya mwembe kama nusu saa, linawaka kana kwamba halikuwa na jambo. Halafu kuna hili la pili: nikilizima kwa muda mfupi pale sokoni Muheza, nikirudi haliwaki hadi lipoe. Asubuhi lakini, stata moja tu.

Mafundi wawili wameshaliona. Wa kwanza kasema pampu ya mafuta imechoka, weka nyingine kama hiyo. Wa pili kasema zama za pampu za injini zimepita, toa, tufunge ya umeme ndani ya buti, na anayo tayari ya mtumba iliyotoka kwenye Corolla 110. Ameniambia kazi ya saa moja.

Hiyo saa moja ndiyo iliyonitia shaka. Waliowahi kuhamisha pampu naomba mnielekeze: inakaa wapi, presha kiasi gani, nyaya zinaungwaje. Na kama haina haja ya kuhamishwa, niambieni pia.

#2 Mtu wa Duga

Uza ununue IST.

#3 Kasa wa Tongoni

Nilijua tu kuna mmoja hatapita kimya. Karibu mkuu.

#4 Spana Kumi na Mbili

Mleta uzi, usinunue kitu bado. Pampu iliyokufa haichagui mlima. Ingekuwa imekufa ingekusumbua hata asubuhi, na ungekimbiza gari barabara ya Segera ungeona linakosa pumzi. Wewe lako linagoma likipata joto, na joto lina magonjwa mengi yanayofanana kwa dalili.

Likizima safari nyingine, usikimbilie spana. Kwanza fungua kofia ya tangi usikilize. Ukisikia tangi linavuta hewa, fyuu, na ukipiga stata likawaka, tundu la hewa la hiyo kofia limeziba. Pampu inavuta petroli kwenye tangi lisiloingiza hewa, inafika mahali inashindwa. Nimeona watu wamebadilisha pampu nzima kwa ajili ya kofia yenye vumbi.

Kama siyo kofia, tazama kidirisha cha kabureta. Kabureta za Aisan za hizi Toyota zina kioo kidogo pembeni, usawa wa petroli unatakiwa uonekane katikati hivi. Kioo kikiwa kikavu, mafuta hayafiki, na hapo tuna mazungumzo. Kikiwa na mafuta ya kutosha na gari haliwaki, achana na pampu, nenda upande wa moto. Koili mbovu ikichemka inakata cheche, ikipoa inazirudisha, na mwenye gari ataapa ni mafuta. Chomoa plagi moja uangalie.

Nyumbani, injini ikiwa baridi, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta uuelekeze ndani ya chupa. Chomoa ule waya mwembamba wa koili ili pasiwe na cheche hata moja, kisha mtu apige stata. Petroli inatakiwa itoke kwa mapigo, tena yenye nguvu. Ikichuruzika kama mkojo wa paka, pampu dhaifu, au filta imeziba, au kuna mpira uliochanika nyuma huko unavuta hewa.

Halafu vuta kijiti cha oili, unuse. Oili ikinuka petroli na kipimo kimepanda bila wewe kuongeza, diaframu ya pampu (ile ngozi nyembamba inayovuta na kusukuma mafuta) imetoboka na petroli inashukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hapo usiendeshe hata mpaka kwa jirani, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Pampu nyingi pia zina kitundu chini ya mwili wake. Kikilia petroli, jibu umepata.

Sasa kwa nini joto. Pampu ya 4K imefungwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na kamshafti, na kazi yake kubwa ni kuvuta mafuta kutoka nyuma ya gari. Petroli inayovutwa presha yake inashuka, na presha ikishuka inachemka mapema. Petroli haingoji nyuzi 100 kama maji. Zile sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40, na chini ya boneti, mlimani, mwendo wa kobe, joto limeshavuka hapo zamani. Mrija ukijaa mvuke, pampu inabaki kuubana na kuuachia mvuke ule ule. Diaframu inacheza, mafuta hayaendi.

Na ukizima injini ndiyo unaongeza shida. Feni imesimama, maji hayazunguki, chuma chote kile kinaendelea kuikaanga pampu. Ndiyo Muheza sokoni hiyo.

#5 Upepo wa Kusi

Spana kamaliza. Naongeza moja tu kwa sasa: pampu ya Corolla 110 USIFUNGE. Nitarudi nikitoka kazini.

#6 Mzee wa Mkonge

Vijana mnakimbilia umeme upesi sana.

Mimi nimeendesha Land Rover 109 za petroli kwenye mashamba ya mkonge huku, enzi ambazo dizeli ilikuwa ya trekta na lori. Pampu zake zilikuwa ubavuni mwa injini hivyo hivyo, na zilikuwa na kijiti cha kupampu kwa mkono, jambo ambalo Toyota hawakutupa. Mwezi wa pili, mwezi wa tatu, kaskazi imelala, gari limepakia watu na singa, lilikuwa linagoma vile vile. Dawa ilikuwa kitambaa cha pamba na chupa ya maji. Unalowesha kitambaa, unakivika kwenye pampu na kwenye mrija wake, unasubiri kidogo, unapampu kwa kile kijiti, unaondoka. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Angalia tu yasimwagikie distributa.

Hiyo si tiba, ni kipimo. Ukilowesha pampu na gari likawaka kabla ya muda wake wa kawaida, umeshajua ugonjwa ni mvuke. Hakuna gharama hapo.

Jambo la pili, wewe Kasa. Kati ya pampu na injini kinatakiwa kuwepo kipande kinene cheusi, si chuma, kina gasketi huku na huku. Mafundi wa haraka hukitupa, wanafunga pampu juu ya chuma kwa karatasi moja. Kile ndicho kinachozuia joto la injini lisiingie kwenye pampu, na ndicho kinachoweka umbali sahihi wa ule mkono unaosukumwa na kamshafti. Kikikosekana, mkono unasukumwa kupita kiasi na diaframu haiishi miaka yake. Chungulia kama kipo.

#7 Kasa wa Tongoni

Mzee wa Mkonge, shikamoo. Spana, shukrani sana kaka. Nimefanya kazi yenu, haya ndiyo majibu.

Kofia ya tangi nzima, haivuti. Nimelipeleka mlimani makusudi mchana, likazima palepale panapozima siku zote. Kidirisha cha kabureta kikavu kabisa. Cheche zipo, za bluu, nzuri. Nikavika pampu kitambaa kibichi, likawaka mapema kuliko kawaida yake, likapanda kidogo, likazima tena.

Nyumbani, chupa imepata mapigo mazuri. Oili hainuki. Kipande cheusi cha mzee kipo, alhamdulillah.

Ila nimeona kitu. Pampu yangu ina ncha tatu. Moja mafuta yanaingia, moja yanatoka kwenda kabureta, na ya tatu imevikwa kipande kifupi cha mpira kilichozibwa kwa boliti na klipu. Chini ya hapo kuna mrija wa bati unaokwenda nyuma ya gari, mdomo wake umezibwa na kitambaa. Hiyo ya tatu ni ya nini?

#8 Spana Kumi na Mbili

Hiyo ya tatu ndiyo kesi yako, mkuu!

Ni ya kurudisha. Pampu inavuta mafuta mengi kuliko yanayotumika. Kabureta ikijaa, sindano yake inafunga mlango, na mafuta yaliyobaki yanarudi tangini kwa njia hiyo. Faida yake mbili. Kwanza, petroli haikai kwenye pampu ikapikwa, inapita na nyingine yenye ubaridi inaingia. Pili, mvuke ukijitokeza unapata pa kutokea badala ya kuikaba njia. Aliyeziba, huenda mrija wa nyuma ulikuwa unavuja, akaona dawa ni boliti.

Mrija wa bati ule upulize kwa hewa kutoka nyuma uone kama uko wazi, uangalie na kutu. Magari yetu ya pwani chumvi inakula mirija ya chini kwa ndani ya zile klipu, ambapo macho hayaoni. Ukiwa mzima, rudisha njia yake, kisha panda mlima na pampu hiyo hiyo. Usihamishe chochote kabla ya hapo.

#9 Upepo wa Kusi

Nimerudi. Sasa kuhusu pampu ya 110.

Ile ni ya injini za sindano za umeme, EFI. Inasukuma kwenye 36 hadi 45 psi, yaani karibu bar 2.5 mpaka 3. Kabureta yako inataka 2 hadi 4 psi. Kile kisindano kinachofunga mlango wa mafuta kwenye kabureta kinainuliwa na boya tu, hakiwezi kushindana na presha mara kumi. Kitasukumwa chini kifunguke, petroli itafurika, itamwagika juu ya manifoldi ya moto. Hapo gari halizimi kwa joto, linawaka lote.

Halafu ile pampu imetengenezwa ikae ndani ya tangi, imezama. Petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Ukiitundika nje kavu itachemka na kufa, tena mahali ambapo hutapenda.

Na kuiweka ndani ya buti ndiyo kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini kama wageni wasioaga. Mpira mmoja ukivuja humo, abiria wako wa nyuma wamekalia chumba cha mvuke.

#10 Bajaji Mbovu

Mbona mimi ninayo ya EFI kwenye kabureta na inafanya kazi? Nimeweka regileta ya kupunguza presha.

#11 Upepo wa Kusi

Regileta yenye mrija wa kurudi tangini, iliyosetiwa kwa geji, sawa, inawezekana. Regileta yako ina mrija wa kurudi?

#12 Bajaji Mbovu

Ngoja niangalie.

#13 Kasa wa Tongoni

Wakuu, mrija wa kurudi ulikuwa na kutu sehemu moja karibu na tairi la nyuma. Nimekata kipande, nimeunga kwa mpira wa petroli na klipu mbili kila upande. Boliti imetupwa.

Mlimani: tofauti ipo, tena kubwa. Muheza sokoni sasa linawaka, ingawa kwa kubembeleza. Lakini kule juu, kona za mwisho kabla ya Amani, jua likiwa kali bado linakohoa. Halizimi, linakohoa.

#14 Mzee wa Mkonge

Marahaba mwanangu. Basi umefika. Panda asubuhi.

#15 Kasa wa Tongoni

Mzee wangu, ninakopeleka mzigo wanafungua saa sita.

#16 Spana Kumi na Mbili

Mimi na mzee tunapishana hapa kidogo. Gari limepona asilimia kubwa bila kununua pampu, na kama matumizi yangekuwa ya mjini ningesema funga boneti. Lakini kama Amani ni njia yako ya kazi, hamisha. Ukiweka pampu nyuma karibu na tangi, mambo mawili yanageuka kwa mpigo: inakuwa kwenye ubaridi, na badala ya mrija wote mrefu kuwa upande wa kuvutwa, unakuwa upande wa kusukumwa. Petroli yenye presha, hata ndogo, haichemki kirahisi.

Hiyo pia ndiyo sababu pampu ya umeme ukiifunga mbele karibu na injini hujafanya lolote. Utasikia watu wamefunga hivyo kwa sababu nyaya ziko karibu. Hizi pampu ndogo za kabureta ni hodari wa kusukuma, kuvuta ni wavivu. Iwe chini, usawa wa sakafu ya tangi au chini yake, ili mafuta yaijie yenyewe.

Kuhusu ukubwa usidanganywe na namba. Injini ya 1300 kwenye safari ya kawaida haili hata lita 10 kwa saa. Pampu ya lita 60 kwa saa inatosha na kubaki. Kinachotazamwa ni presha.

#17 Mtu wa Duga

Swali la kweli safari hii. Kwa nini asiweke ya umeme nyuma na ya injini akaiacha hapo hapo, mafuta yapite kote kuwili? Moja ikifa, nyingine ipo.

#18 Spana Kumi na Mbili

Wengi wanafanya hivyo na wengine wanafika nayo mbali. Mimi sifanyi. Siku diaframu ya ile ya injini itakapotoboka, pampu ya umeme haitajua. Itaendelea kusukuma petroli kupitia tundu hilo, moja kwa moja ndani ya oili, kwa kasi kuliko ilivyokuwa zamani. Unakuja kushtuka beringi zinagonga. Na hata isipotoboka, umeyapitisha mafuta kwenye kile kile kipande cha chuma cha moto ulichokuwa unakikimbia.

Ing'oe, ziba tundu lake kwa bamba la chuma nene, milimita 5 au 6, gasketi ya karatasi na sealanti kidogo. Bati jembamba litapinda ukikaza boliti, na oili itatoka.

#19 Dada wa Makorora

Kaka zangu mmeongea mabomba, hakuna aliyegusa nyaya. Mimi ni fundi umeme wa magari, na pampu zinazoletwa kwangu shida yake mara nyingi si pampu.

Pampu ya injini ina usalama wake wa asili: injini ikisimama, nayo inasimama. Ya umeme ukiiunga kwenye swichi ya ufunguo tu, itasukuma muda wote ufunguo uko wazi. Gari likipata ajali, mpira umekatika, dereva kazimia, pampu inaendelea kumwaga petroli. Lazima kuwe na kitu cha kuikata.

Njia rahisi kwa gari la zamani ni kutumia swichi ya taa ya oili iliyopo tayari. Tafuta relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya miguu mitano, yenye mguu wa 87a; namba zimeandikwa kwenye miguu yake. Swichi ya oili injini ikiwa imesimama inagusa bodi, ndiyo maana taa inawaka. Presha ikipanda inaachia. Basi: mguu wa 85 uunge kwenye umeme wa ufunguo, 86 uunge kwenye ule waya unaokwenda kwenye swichi ya oili, 87a uende pampu. Ukifungua ufunguo bila kuwasha, relei inavuta, 87a imekatika, pampu kimya. Injini ikiwaka na presha ya oili ikapanda, relei inaachia, pampu inafanya kazi. Injini ikizima kwa sababu yoyote, presha inashuka na pampu inakatwa.

Mtego uko kwenye mguu wa 30. Mazoea ya mafundi ni kuupeleka betri moja kwa moja. Kwa mpango huu ukifanya hivyo, ukichomoa ufunguo relei inaachia na pampu itafanya kazi usiku kucha uani kwako. Mguu wa 30 uchukue umeme wa ufunguo, kupitia fyuzi. Pampu hizi ndogo zinakula ampia chache tu, swichi yako itamudu.

Utaniuliza, wakati wa kupiga stata mafuta yatatoka wapi? Kwenye bakuli la kabureta huwa yapo ya kutosha kuwasha, na presha ya oili inapanda upesi. Kwa siku ambayo bakuli limekauka, weka kitufe cha kubonyeza kinachopeleka umeme pampu moja kwa moja. Cha kubonyeza, si swichi ya kuwasha na kusahau.

#20 Upepo wa Kusi

Dada, na ule waya wa swichi ya oili ukikatika? Relei haitavuta tena, pampu itafanya kazi bila ulinzi.

#21 Dada wa Makorora

Swali zuri, ndiyo udhaifu wake. Lakini utajua siku hiyo hiyo. Kila ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha, sikiliza. Pampu inatakiwa iwe kimya na taa ya oili iwake. Ukisikia inagonga tik-tik-tik na taa haiwaki, waya umekatika. Anayetaka zaidi ya hapo atafute swichi ya presha ya miguu mitatu, ile inayofunga umeme wa pampu presha ikiwepo, au ile swichi ya mtikisiko inayojikata gari likigonga. Vyote viwili kwa pamoja ni vizuri zaidi.

#22 Kasa wa Tongoni

MREJESHO

Kazi imefanyika, tena si ya saa moja. Nimeifanya na fundi wa mtaani Ngamiani, nimemsomea uzi huu neno kwa neno, mwanzo alinuna, mwisho akawa yeye ndiye anauliza "yule dada kasemaje kuhusu 30?"

Kwanza tulihama. Gereji yake inapakana na mama ntilie, na jiko la mkaa liko hatua chache kutoka mahali anapofungulia matangi. Gari tulilisogeza mpaka uwanja wa nyuma kwenye hewa, tukachomoa hasi ya betri, na mtungi wa kuzimia moto nikausimamisha karibu. Petroli ya tanki tuliinyonya ikabaki kidogo. Shimo la gereji hatukulitumia kabisa, kwa ile sababu ya mvuke kutulia chini.

Pampu ni mpya, ya kabureta, imeandikwa 2 hadi 4 psi, ile ya mraba inayogonga tik-tik. Imekaa chini ya sakafu ya nyuma, karibu na mirija inapotoka tangini, upande ambao ekzosi haipiti. Haikufungwa chuma kwa chuma, tumeweka mipira katikati. Mwanzo fundi aliikaza moja kwa moja kwenye bodi na mlio wake ukawa unasikika mpaka kiti cha mbele. Kwa mipira ile, ukifungua redio umeisahau. Mbele yake tumekunja kipande cha bati kuzuia mawe, maana barabara ya Amani inarusha.

Filta ziko mbili. Kabla ya pampu ile ya matundu makubwa, kwa sababu tangi la gari la umri huu lina kutu yake na pampu haipendi kutafuna. Filta ndogo ya karatasi iko mbele kabla ya kabureta. Fundi alitaka ile ya karatasi iwe nyuma, Spana akaniambia kwa ujumbe kwamba filta nzito upande wa kuvuta ni kuirudisha pampu kwenye mateso yale yale.

Mrija wa kurudi hatukuuacha. Pampu ya injini imeondoka na ncha yake ya tatu, kwa hiyo tumeweka T karibu na kabureta, tawi la kurudi likitazama juu ili mvuke uende huko wenyewe. Ndani ya tawi hilo tumeweka kizibo cha shaba chenye kitundu cha milimita 1 hivi. Bila kizibo mafuta yote yangekimbilia tangini na kabureta ingekosa. Tundu la pampu ya zamani limezibwa na bamba, halivuji.

Mipira yote ni ile iliyoandikwa R7. Duka la kwanza walitaka kunipa mpira wa plastiki unaoonekana kwa ndani, eti unaona mafuta yakipita. Ukikaa karibu na injini unakauka kama kaukau, sikuuchukua.

Nyaya kama dada alivyosema. Ufunguo wazi: kimya. Injini ikiwaka: tik-tik. Tulijaribu kuchomoa waya wa swichi ya oili makusudi, pampu ikalia bila injini, kwa hiyo ile alama yake ya hatari ni kweli.

Mlimani: nimepanda mchana, mzigo nyuma, mpaka Amani, halikukohoa. Nikalizima juu kule, nikanywa chai, nikaliwasha. Muheza sokoni bado lina uzito kidogo wa kuwaka likiwa na moto sana, inabidi kukanyaga mafuta nusu ndiyo lishike.

#23 Spana Kumi na Mbili

Hongera. Hiyo ya Muheza siyo pampu tena. Petroli iliyo ndani ya kabureta yenyewe inachemka baada ya kuzima na kumwagikia kwenye manifoldi, injini inakuwa imeshiba kupita kiasi. Kukanyaga nusu unaiingizia hewa, ndiyo maana inashika. Angalia kile kipande kinene chini ya kabureta kama ni kizima, na usawa wa boya usiwe juu. Ukifungua boneti ukiegesha nayo inasaidia.

#24 Mzee wa Mkonge

Umefanya kazi ya kiungwana. Mimi bado nasema ungebaki na pampu yako na kitambaa. Ile ya zamani usiitupe, ipake oili kidogo uifunge kwenye nailoni pamoja na kile kipande cheusi, uiweke kwenye buti. Umeme ukikugomea Amani usiku utamkumbuka mzee.

#25 Kasa wa Tongoni

Ipo kwenye buti mzee, na boliti zake.

#26 Bajaji Mbovu

Nimeangalia. Regileta yangu haina mrija wa kurudi, na chini ya kabureta pamelowa. Hizo pampu za mraba zinapatikana wapi Tanga?

#27 Upepo wa Kusi

Maduka ya spea barabara za Ngamiani, ulizia pampu ya umeme ya kabureta, usiseme tu pampu ya umeme, watakupa ya EFI. Soma maandishi kwenye mwili wake kabla hujalipa. Na hilo gari usiliwashe mpaka uibadilishe.

#28 Mtu wa Duga

Dada wa Makorora, na mimi nina pikapu ya kabureta (ndiyo, nami sijauza). Waya wa kwenda nyuma uwe wa ukubwa gani, na fyuzi nikaiweke kule kule karibu na pampu?

#29 Dada wa Makorora

Hahaha, karibu chamani. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha, 2.5 ukiupata ni bora zaidi kwa urefu huo. Fyuzi ikae mwanzo wa waya, pale unapochukulia umeme, siyo mwisho. Ukiiweka karibu na pampu, waya wote unaopita chini ya gari unakuwa hauna mlinzi, ukichubuka ukagusa bodi utaungua kabla fyuzi haijajua lolote. Anza na ya ampia 7.5. Ikikatika usiongeze ukubwa, tafuta kilichoikata.